Mchagua Jembe: Insha ya Historia juu ya Mfanyakazi na Chombo Asichokitaka

Wahenga wetu walisema, mchagua jembe si mkulima. Maana ya methali hii ni njema. Humkanya mvivu anayetafuta udhuru katika makali ya jembe au urefu wa mpini, na huku majani yanaota shambani. Lakini methali ni kama kisu, chaweza kushikwa na mkono wowote. Mwenye shamba naye aweza kuitwaa akamfunga nayo mdomo mkulima hodari, siku anapomletea jembe lisilolima na kumwambia alipende. Hapo habari ya uvivu haimo tena. Linalobaki ni kujua nani mwenye haki ya kuchagua jembe: yule anayelinunua, au yule anayeinama nalo juani kutwa?

Swali hili limerudi katika dunia ya kazi kwa nguvu mpya. Tangu tarehe 30 Novemba 2022, siku ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, makampuni makubwa ya kompyuta yameingiza akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, katika karibu kila chombo cha kazi ya ofisi: katika barua, katika hesabu, katika mikutano na hata katika vibonye vya kuandikia. Wengi wa wale waliokuwa wakivitumia vyombo hivyo hawakuulizwa. Wako waliofurahi, na wako waliokasirika. Na hasira ya hao wa pili aghalabu huitwa woga wa mambo mapya. Insha hii yakusudia kuipima shutuma hiyo kwa mizani ya historia, ili tuone kama ni ya haki.

Yafaa tuanze na watu ambao jina lao limefanywa tusi. Mwaka 1811 katika wilaya ya Nottingham, Uingereza, mafundi wa kufuma soksi walianza kuvunja mitambo usiku kwa nyundo. Walijiita jeshi la Ned Ludd, kiongozi ambaye hakuna aliyemwona, na mpaka leo Mwingereza akitaka kumdharau mtu anayekataa mashine humwita kwa jina hilo. Watu husimulia kwamba mafundi hao walichukia mashine kwa kuwa ni mashine. Lakini mtambo wa kufumia soksi ulibuniwa na William Lee mwaka 1589. Basi mafundi wa Nottingham walipoinua nyundo zao, wao, baba zao na babu zao walikuwa wamekula kwa mtambo huo kwa muda wa zaidi ya miaka 200. Mtu hawezi kuchukia kwa asili kitu kilichomlea.

Walichokipinga kilikuwa ni matumizi fulani ya mtambo. Wako matajiri walioutumia mtambo mpana kufuma kitambaa kikubwa, kikakatwa vipande na kushonwa kuwa soksi za bei rahisi, ambazo hazikukawia kufumuka. Matajiri hao waliajiri vijana wasiomaliza uanagenzi, wakapunguza ujira, na sifa ya kazi ya wilaya nzima ikachafuka sokoni. Mafundi walikuwa na hati ya chama chao iliyotolewa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1663, nao walidai kwamba hati hiyo iliwapa sauti juu ya namna ya kufuma. Wakati mwingi walipoingia katika karakana, walivunja mitambo ya tajiri aliyepunguza ujira na kuiacha mizima mitambo ya jirani yake aliyelipa kwa haki. Mtu mwenye wazimu wa kuchukia chuma habagui hivyo.

Serikali haikutaka kusikiliza ubaguzi huo mwema. Mwaka 1809 Bunge lilikuwa limekwisha kufuta sheria za kale zilizowalinda mafundi wa sufu. Mwaka 1812 lilipitisha sheria ya kumwua mtu anayevunja mtambo, ingawa mshairi Byron, katika hotuba yake ya kwanza mbele ya Malodi tarehe 27 Februari mwaka huo, aliwatetea mafundi na kuonyesha umaskini wao. Mwezi Januari 1813 watu 17 walinyongwa katika mji wa York. Mitambo ilishinda, na washindi ndio walioandika maana ya jina Ludd.

Kisa cha pili ni cha miaka 100 baadaye, nacho hakina nyundo wala kitanzi. Katika mji wa Watertown, karibu na Boston, Marekani, palikuwa na kiwanda cha serikali kilichotengeneza vibebeo vya mizinga. Siku hizo jina la Frederick Winslow Taylor lilikuwa limevuma kwa elimu yake ya kupanga kazi: kila tendo la fundi lipimwe kwa saa ya kuhesabu nukta, kisha ipangwe njia moja iliyo bora, na fundi alipwe bahashishi akiifuata. Wakubwa wa kiwanda waliikubali elimu hiyo, na mwezi Agosti 1911 mpimaji mwenye saa alitumwa kwa mafundi wa kusubu chuma. Mpimaji huyu hakuwa fundi wa kusubu. Kazi moja aliyoipima aliiwekea dakika 24. Mafundi wenyewe waliipima kwa siri wakaona yataka dakika 50. Tarehe 11 Agosti fundi mmoja alikataa kusimamiwa na saa, akaondoshwa kazini, na wenzake wakaweka vyombo chini wakatoka pamoja naye.

Mgomo ulidumu wiki moja tu, lakini ulifika mbali. Baraza la Wawakilishi liliunda kamati ya kuchunguza, na mwezi Januari 1912 Taylor mwenyewe aliitwa kutoa ushahidi siku kadhaa mfululizo. Kamati haikupendekeza sheria papo hapo. Lakini mwaka 1915 Bunge la Marekani lilikataza fedha za jeshi zisitumike kumlipa mtu wa kushika saa juu ya mfanyakazi, na katazo hilo liliendelea kuandikwa upya hata mwaka 1949. Mafundi wa Watertown hawakuwa maskini wa njaa kama wale wa Nottingham, wala hakuna aliyewaambia kwamba watafukuzwa. Kilichowaudhi ni kwamba mtu asiyeijua kazi alipewa mamlaka ya kuwafundisha wenye kuijua, na kwamba ujuzi wao wa miaka mingi ulihesabiwa kuwa si kitu mbele ya mshale wa saa. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Na joto la chuma kilichoyeyuka alijua anayekimimina.

Yaweza kusemwa kwamba mifano hii yote ni ya ugomvi, na kwamba mfanyakazi siku zote hupinga. Hapa kisa cha tatu ni cha manufaa. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58 juu yake, na kwa safari hiyo kazi ya kupakia na kupakua meli duniani ilianza kubadilika. Wachukuzi wa bandari za magharibi ya Marekani walikuwa na chama chenye nguvu, na kiongozi wao, Harry Bridges, alikuwa mtu mkali ambaye matajiri walimwogopa. Wengi walitazamia kwamba angeyapiga vita makontena mpaka mwisho. Badala yake alikaa mezani. Mwaka 1960 chama na matajiri walipatana: mashine ziingie bandarini, lakini matajiri watoe dola milioni 29 katika muda wa miaka 5 na nusu, ili waliokuwa wamejiandikisha wasikose ujira, na wazee wapate kustaafu kwa heshima. Wako wachukuzi walioulaumu mkataba huo, hasa vijana walioona kwamba bandari itabaki na watu wachache, na lawama yao ilikuwa na ukweli. Hata hivyo mashine kubwa kuliko zote zilizopata kuingia katika kazi hiyo iliingia katika bandari hizo bila nyundo kuinuliwa, kwa sababu wenye kuitumia waliulizwa kwanza na kupewa fungu lao.

Tukiwa na visa hivi vitatu mkononi, twaweza sasa kuitazama ofisi ya zama zetu. Kompyuta ilipoingia ofisini ilikuwa chombo kitulivu, kikingoja amri. Katika programu za Office za mwaka 1997 kampuni ya Microsoft iliweka msaidizi mwenye sura ya kibanio cha karatasi, chenye macho makubwa, aliyechomoza bila kuitwa kumwuliza mwandishi wa barua kama ataka msaada wa kuandika barua. Watu walimcheka, kisha wakamchukia. Mwaka 2001 kampuni ilimzima asitokee mpaka aitwe, nayo yenyewe ikamfanyia mzaha katika matangazo yake. Na katika toleo la mwaka 2007 aliondolewa kabisa. Kisa hiki chaonekana kidogo, lakini kina funzo: hapo waandishi walishinda, kwa kuwa kibanio kile hakikumgharimu tajiri kitu kikubwa kukiondoa.

Akili mnemba si kibanio. Mwaka 2025 makampuni manne, yaani Amazon, Microsoft, Alphabet na Meta, yaliazimia kutumia zaidi ya dola bilioni 300 katika majengo na mitambo, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa kwa ajili ya akili hiyo. Mtu aliyejenga soko kwa mali nyingi kiasi hiki hawezi kungoja wanunuzi waje kwa hiari yao. Atawaleta kwa mkono. Mwezi Januari 2024 Microsoft ilitangaza kwamba kibodi mpya za kompyuta za Windows zitakuwa na kibonye cha pekee cha kumwita msaidizi wake, Copilot. Mwezi Januari 2025 ilimtia msaidizi huyo katika huduma ya Microsoft 365 ya watu binafsi, na huko Marekani bei ikapanda kutoka dola 6.99 mpaka 9.99 kwa mwezi. Huko Australia tume ya serikali ya kulinda wanunuzi ilikwenda mahakamani mwezi Oktoba 2025, ikidai kwamba watu kiasi cha milioni 2.7 hawakuelezwa wazi kuwa wangeweza kubaki na huduma ya zamani kwa bei ya zamani. Na mwezi uliofuata kampuni iliomba radhi na kuahidi kurudisha fedha. Google nayo, katika mwezi ule ule wa Januari 2025, iliingiza akili yake katika huduma zake za ofisi na kupandisha bei.

Huo ni mlango wa muuzaji. Mlango wa pili ni wa mwajiri. Mwezi Aprili 2025 mkuu wa kampuni ya Shopify aliwaandikia watu wake kwamba matumizi ya akili mnemba yatatazamwa katika kupima kazi ya kila mtu, na kwamba atakayeomba kuongezewa wafanyakazi aonyeshe kwanza kwa nini akili hiyo haiwezi kuifanya kazi yenyewe. Mwezi huo huo mkuu wa Duolingo alitoa waraka wa namna hiyo. Wanafunzi wa lugha waliokuwa wateja wake walighadhibika, naye baadaye alilazimika kulainisha maneno. Hapa yatupasa tusimame kidogo. Katika historia ya kazi fundi amekuwa akipimwa kwa kile alichokitengeneza: soksi imefumwa vizuri au vibaya, chuma kimesubiwa sawa au kimepasuka. Sasa aanza kupimwa kwa chombo alichokishika. Seremala aliyetoa mlango ulio sawa aulizwa kwa nini hakutumia msumeno mpya. Mafundi wa Watertown wangeitambua hali hii mara moja.

Je, chombo chenyewe kinalima? Hapa haki yatutaka tuseme pande zote mbili. Wataalamu watatu wa uchumi, Erik Brynjolfsson na wenzake, walichunguza wafanyakazi zaidi ya 5,000 wa kuwajibu wateja, na mwaka 2023 wakaeleza kwamba waliopewa msaada wa akili mnemba walimaliza kazi zaidi kwa karibu asilimia 14, na kwamba wageni wa kazi ndio waliofaidika mno. Hili ni jambo zuri, na asiyelikubali hakuja kutafuta ukweli. Lakini mwezi Julai 2025 shirika la utafiti la METR lilieleza habari ya waandishi 16 wa programu, watu wenye uzoefu mrefu, waliopewa kazi 246 katika programu walizozijua vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili mnemba walichelewa kwa asilimia 19. La ajabu zaidi ni kwamba baada ya kumaliza, wao wenyewe walidhani wameharakishwa kwa asilimia 20. Watu 16 ni wachache, na vyombo hubadilika. Lakini uchunguzi huu watosha kuonyesha kwamba jembe moja halilimi kila udongo, na kwamba hata mlimaji mwenyewe aweza kudanganyika asipopima. Ikiwa ni hivyo, agizo moja kwa watu wote, hodari na mgeni, mwandishi na mhasibu, haliwezi kuwa agizo la hekima.

Tena uko mzigo ambao hauonekani katika hesabu za muda. Akili mnemba huandika kwa ufasaha hata inapokosea. Hutunga habari isiyokuwapo kwa sauti ile ile ya ukweli. Basi mfanyakazi aliyelazimishwa kuitumia hupewa kazi ya pili, ya kuisahihisha. Na likitokea kosa, mashine haiitwi barazani kujibu, huitwa yeye. Uko na mzigo wa siri. Mwezi Mei 2024 Microsoft ilitangaza chombo kiitwacho Recall, ambacho kingepiga picha ya kioo cha kompyuta kila baada ya nukta chache ili kumkumbusha mtu alichokiona. Kelele zilikuwa kubwa hata kampuni ikaahirisha, na kilipotolewa kwa watu mwezi Aprili 2025 hakikuwaka mpaka mwenye kompyuta akiwashe kwa hiari.

Mtetezi wa makampuni aweza kutukumbusha habari ya umeme. Mwanahistoria Paul David alionyesha mwaka 1990 kwamba mota za umeme zilipoingia viwandani zilikawia miaka mingi kuleta faida, kwa kuwa wenye viwanda walikuwa bado wakipanga kazi kwa mpango wa mvuke. Basi, atasema, vumilieni, faida itakuja. Hoja hii ni nzito, nami siikatai. Lakini itazamwe vizuri. Faida ya umeme ilikuja kiwanda kilipopangwa upya kufuata mahitaji ya kazi: kila mashine ikapewa mota yake, ikawekwa mahali ambapo kazi iliitaka iwe. Mpango wa namna hiyo hauwezi kufanywa bila ya kumwuliza anayeifanya kazi. Kwa hiyo mfano wa umeme haumsaidii mwenye kulazimisha. Wamshauri apunguze haraka na aongeze kusikiliza.

Na kusikilizana kwawezekana, hata katika jambo hili la akili mnemba. Tarehe 2 Mei 2023 chama cha waandishi wa michezo ya sinema na televisheni cha Marekani kiligoma, na mgomo ulidumu siku 148. Miongoni mwa mapatano yaliyoumaliza mwezi Septemba ni haya: mwandishi aweza kutumia akili mnemba kwa ridhaa ya kampuni, lakini kampuni haiwezi kumlazimisha kuitumia, na kampuni ikimpa mwandishi maandishi yaliyotungwa na mashine, sharti imwambie. Msomaji aangalie vizuri kwamba mashine haikupigwa marufuku. Kilichowekwa ni uchaguzi na ukweli, mambo mawili ambayo mafundi wa Nottingham waliyadai wakapewa kamba.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tusidhani kwamba tunatazama ugomvi wa jirani kupitia dirishani. Mwezi Januari 2023 gazeti la Time lilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi, waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa, walisoma maandishi ya ukatili na uchafu wa kila namna ili kuifundisha ChatGPT iyatambue. Na tarehe 1 Mei mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana mjini humo wakapiga kura kuunda chama chao. Kwa hiyo msaidizi anayelazimishwa juu ya karani wa London au Chicago ametengenezwa kwa sehemu na machozi ya kijana wa Nairobi, ambaye naye hakuulizwa. Mwezi huo huo wa Mei, huko Kericho, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa. Wachumaji wa Kericho waliogopa kukosa riziki, na karani wa ofisi huenda anaogopa tu kupotezewa wakati na kudharauliwa ujuzi wake. Mizani ya taabu yao si sawa, wala haifai kuilinganisha kwa haraka. Lakini mpango wa mambo ni ule ule: chombo kimechaguliwa mbali, kimefika siku moja asubuhi, na mwenye kukitumia au kuondolewa nacho amearifiwa mwisho wa watu wote.

Historia basi haitoi ushahidi wa ile shutuma tuliyoanza nayo. Fundi wa soksi aliishi kwa mtambo, mchukuzi wa bandari aliipokea kontena, mwandishi wa sinema ameiachia akili mnemba nafasi mezani pake. Hasira iliwaka palipokosekana mambo matatu: kuulizwa kabla, uhuru wa kukataa pale chombo kinapoharibu kazi, na fungu katika faida. Yalipopatikana mawili au matatu kati ya hayo, palikuwa na amani, nayo mashine ilifanya kazi. Yalipokosekana yote, mwenye nguvu alishinda kwa sheria na kamba, kisha akaandika katika vitabu kwamba aliyeshindwa alikuwa mjinga.

Kwa wanafunzi wa chuo, ambao kesho baadhi yao watakuwa wafanyakazi na baadhi yao waajiri, jambo hili si la kusoma tu. Atakayekuwa mfanyakazi ajizoeze kuipima kazi yake mwenyewe, kama walivyopima wasubu wa Watertown, ili asema kwa hesabu pale atakaposema kwamba chombo hakifai, na akiri kwa hesabu pale kinapofaa. Atakayekuwa mwajiri, kabla hajamtajia mtu methali ya jembe, ashuke kwanza shambani alishike jembe hilo kwa mikono yake, alime nalo walau tuta moja.